Baki Moja

Siku Siwema alipoanza kutokuwepo ilikuwa zamu ya nyumba yao kupaka. Nasema alipoanza, kwa sababu kutokuwepo hakuji mara moja. Kunaanza asubuhi, mtu akiwa bado ameshika ngazi kwa mkono mmoja, na kunaendelea kukua hata watu wakishaenda nyumbani kula. Kule kwetu siku hazikuwa na mpangilio. Jumatatu iliweza kurudi mara mbili, na jioni iliweza kufika kabla ya adhuhuri bila mtu kuuliza. Lakini siku ile ilikaa mahali pake. Sijaiona ikisogea tangu hapo, na naandika nikiwa nimeikalia mbele, kama mtu aliyekalishwa mbele ya sahani asiyoweza kula.

Mbele ya mji kuna ukuta, na juu ya ukuta kuna Namba. Nitaiandika sasa ili isimsumbue anayesoma: 6,469,693,230. Ni tarakimu kumi za udongo wa kuchoma, kila moja ndefu kuliko mtu aliyembeba mtu mwingine mabegani. Kila asubuhi nyumba moja hupanda ngazi na kuzipaka samli ili zing'ae jua likitoka. Watu wa zamani walipaka kidogo, kwa ncha ya kitambaa. Siku hizi hupakwa kwa ndoo. Samli ya leo hulala juu ya samli ya jana, na ya jana juu ya ile iliyokwisha kuoza, na katikati ya tabaka hizo kuna nzi waliokufa, manyoya ya kunguru, na nywele za watu waliokuja kuegemeza vichwa wakiomba shida zao. Jua likipanda, Namba hutoka jasho. Matone hushuka polepole, ya njano yenye weusi, na chini yake mbwa hukaa wamefumba macho wakiramba ukuta. Watu huwapisha mbwa, halafu huweka viganja palepale ulimi ulipopita, na kujipaka usoni. Watoto wachanga hupitishwa katika tundu la sifuri, iliyo ya mwisho na ya chini kidogo, wakatokea upande wa pili wakiwa wamelowa na kunuka, na mama zao huwabusu vivyo hivyo.

Niliona hayo kila siku nikameza mate. Sasa siwezi kumeza.

Mji una nyumba kumi. Kila nyumba ina mbebaji mmoja, na kila mbebaji ana namba aliyopewa na nyumba yake: mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja, kumi na tatu, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, ishirini na tisa. Ni namba zisizogawanyika kwa kitu chochote isipokuwa moja na zenyewe. Sekondari tuliziita namba tasa, na mwalimu alitukaririsha bila kutuambia kwamba kuna mahali watu wanazivaa. Zidisha zote kumi, moja kwa nyingine, na utapata Namba iliyo ukutani. Haina kingine ndani yake. Sisi wengine, waume na wake waliotoka kwingine, watoto, wakwe, tunakaa chini ya mbebaji wetu kama watu wanavyokaa chini ya paa. Siwema alikuwa Ishirini na Tatu. Mimi nilikuwa mume wa Ishirini na Tatu, na sikuwahi kutaka kuwa zaidi ya hapo.

Kila Ijumaa, kabla ya chai, nyumba hujitafuta. Ndivyo tunavyoita. Mbebaji huchukua mkaa, hupiga magoti sakafuni, na kuigawa Namba kwa namba yake, tarakimu kwa tarakimu, watu wa nyumba wakisimama nyuma yake. Mwisho wa hesabu baki lazima liwe sifuri. Hapo wote husema, "Yumo," na chai humiminwa. Siwema alikuwa na haraka. Aliandika mpaka 281,291,010, akafuta mikono kwenye kanga na kusema, "Nimo. Nani ana njaa?" Hakuona fahari yoyote kuwemo. Aliona ni kitu cha kumaliza kabla ya kula.

Ngazi ile ina samli ya miaka. Siku hiyo alikuwa kwenye tisa ya pili, amejinyoosha kufikia kichwa chake, nami nimeshika ngazi chini. Akasema bila kutazama, "Mume wangu, ningezaliwa mbwa saa hizi ningekuwa nastarehe." Nilicheka. Bado nilikuwa nacheka mkono wake ulipoteleza.

Alianguka kichwa kwanza. Walinzi wa ukuta walikuja na shuka, wakamfunika, wakamwingiza katika kile kimlango kidogo kilicho chini ya Namba, kwenye ghala la samli. Niliwafuata. Mlango ulifungwa usoni pangu, na mafuta ya kitasa yakabaki kwenye vidole. Nimevisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa limau. Bado yapo.

*

Sheria ya mji ni fupi. Aliyemo katika Namba yuko hai. Asiyemo amekufa, na watu wake wapewe mwili wakamzike. Zamani, mbebaji akifa, siku hiyohiyo Namba iligawanywa kwa namba yake. Tarakimu zilishushwa, zikapandishwa zile za jibu, na mji ulikaa na Namba pungufu mpaka arobaini iishe na nyumba ichague mbebaji mwingine. Watu waliipita Namba pungufu wakiwa wameinamisha vichwa. Haikupakwa chochote siku hizo. Udongo ulionekana kuwa udongo.

Kwa hiyo nilikwenda na mama mkwe wangu, Bi Sihaba, kwa Mtunza Namba. Jina lake Shekue, mbebaji wa Mbili, namba tasa pekee iliyo shufwa, na hakuacha tusahau jambo hilo. Tulimkuta akila. Chini ya Namba kuna mfereji unaokinga matone, na alikuwa amemiminiwa bakuli kutoka mfereji huo. Alichovya mkate, akaondoa unyoya kwa ukucha, akala.

"Shikamoo, Mheshimiwa," nikasema.

"Marahaba. Karibuni. Mkate upo."

"Tumeshiba," mama mkwe akasema. "Tumekuja kuchukua mwili."

"Mwili wa nani, Bi Sihaba?"

"Wa binti yangu. Unamjua. Ulikula harusini kwake, ukarudishiwa sahani mara ya tatu."

Shekue akatabasamu. Meno yaling'aa kwa mafuta. "Namjua sana. Mzima huyo."

"Mzima vipi?" nikasema. "Mimi niliiona shingo."

"Wewe uliona shingo. Mimi naangalia Namba. Gawa kwa ishirini na tatu, uniambie baki."

"Sifuri."

"Haya. Yumo."

"Basi igawe umtoe, kama zamani. Tunakuomba."

"Nikiigawa nabaki na nini?"

Nilimtajia. Milioni mia mbili themanini na moja na ushee.

"Hizo ni tarakimu ngapi?"

"Tisa."

Aliweka mkate chini. Alionekana mtu aliyeambiwa avue nguo barabarani. "Tarakimu tisa," akasema. "Mji huu uamke una tarakimu tisa. Walio ng'ambo watazame, waone pengo kama la mzee aliyeng'olewa jino. Hapana, mwanangu. Namba haipungui mkononi mwangu. Mimi si wa kuachia hivyo."

"Na mwanangu alale humo na madebe yako?" Bi Sihaba akauliza.

"Analala mahali penye baridi. Na mkimkumbuka sana," akanyoosha kidole dirishani, kidole chenye tone kwenye ncha, "si huyo pale? Mbili, tatu, kabla ya sifuri. Mtazameni mpaka mchoke."

Ni kweli. Ukisoma Namba kuelekea mwisho utaziona, mbili na tatu zimesimama pamoja. Watu wengi waliniambia hivyo siku zile, kwa nia njema. Walinishika bega, wakanielekeza: si huyo hapo. Wengine walipaka samli zaidi kwenye tarakimu hizo mbili, kwa ajili yangu, zikawa nene, zikavimba. Mimi nilikuwa nageuza uso. Zile hazikuwa Siwema. Zilikuwa zimetokea tu hapo, kama wingu linavyotokea kuwa na sura ya mbuzi. Siwema hakuwa mahali fulani katika Namba. Alikuwa ndani yake yote, kwenye sita ya kwanza sawasawa na kwenye sifuri ya mwisho, na hakuna jicho lililoweza kumwona hata likitazama maisha yake yote. Njia ya kumjua ilikuwa moja: kuigawa, polepole, kwa mkaa, na kukuta hakuna kilichosalia. Nilifikiri ndivyo alivyokuwa nyumbani pia. Sikuweza kuonyesha kwa kidole mahali alipokuwa. Nilijua yumo kwa sababu hakuna kilichokuwa kinabaki.

*

Je, mtu ni nini ndani ya kitu kikubwa? Niliuliza hivyo nikiwa nimekaa mbele ya kimlango, pua imefunikwa na kitambaa. Nilijijibu mwenyewe kwa hesabu, kwa kuwa sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono.

Chukua nyumba yoyote peke yake, au mbili, au saba, uzidishe namba zao. Utakachopata kitaigawa Namba bila baki. Mbili na tatu wakikutana ni sita. Saba na ishirini na tatu ni mia moja sitini na moja. Kila mkusanyiko una namba yake, na hakuna mikusanyiko miwili inayogongana. Ukiihesabu yote ni elfu moja na ishirini na nne. Namba ina vigawo hivyo vyote, na kila kigawo ni kikao cha watu fulani. Katika nusu ya vikao hivyo Siwema yupo. Kwa kila kikao alichokaa kuna kimoja kilekile ambacho nafasi yake iko wazi. Nilivipitia kimoja kimoja. Yeye na Saba. Saba bila yeye. Nilifika mahali sikujua tena ni kipi nimetoka na kipi nimeingia, na nilisikia sauti yangu ikijibu salamu kwa jina la Siwema, na aliyesalimia akapita bila kushangaa.

Katika vikao vyote hivyo kuna kimoja ambacho hakuna aliyekuja. Hakuna hata mmoja. Nacho kina namba yake. Namba yake ni moja.

Harufu ilikuwa imeanza kutoka chini ya mlango. Mwanzoni ilikuwa samli tu, kisha ikawa samli yenye kitu ndani. Watu waliokuja kuiomba Namba walipaka zaidi ili kuishinda. Walichanganya samli na mdalasini. Walikuwa wanaimba huku wameziba pua kwa kiganja, kwa hiyo wimbo ulitokea puani, mwembamba, kama wa wagonjwa.

Bi Mashavu alikuja kuniona hapo. Yeye ni mbebaji wa Saba, na nyumba ya saba na nyumba ya ishirini na tatu ni watani tangu ukuta haujajengwa. Kazi ya mtani msibani mnaijua. Marehemu akitolewa, yeye ndiye wa kumzuia njiani, kumdai, kumtukana, kulala chini mbele ya jeneza mpaka apewe chochote, hadi wafiwa wacheke huku wanalia. Bila mtani maiti huenda kimya, na kwetu hilo ni aibu.

Alijikunja akakaa karibu yangu.

"Shemeji, unanitesa."

"Nimefanya nini tena?"

"Nimeshapanga matusi yote ya kummwagia yule mvivu wenu, na hamumtoi. Yananiozea mdomoni. Nikiamka asubuhi mume wangu anageukia ukutani."

"Mwambie Shekue."

"Nimemwambia. Nikamwambia, wewe Mbili, kaka yangu, humo ndani mna mtu wangu. Akasema humo mna samli. Nikamwambia basi samli yako imevaa bangili." Alivuta pumzi kupitia kanga. "Nyumba zinaanza kunong'ona, shemeji. Si kwa huruma, usijidanganye. Harufu inaingia kwenye chakula chao."

*

Walinong'ona mpaka Shekue akasikia. Akaita watu wote ukutani, akasimama kwenye ngazi, ngazi ileile, na kusema amepata njia.

"Nyumba ya ishirini na tatu inataka heshima," akasema. "Wanadhani heshima ni kupunguza. Mimi nasema heshima ni kuongeza. Siwema alianguka akiitumikia Namba. Kwa utumishi wake, leo Namba inaongezewa moja."

Watu walihesabu kwa vidole.

"Moja tu," akasema. "Hiyo ni ndogo kuliko zote. Haimsukumi mtu, haimbani mtu. Hakuna atakayeisikia. Lini mmewahi kuona Namba inakua bila mtoto hata mmoja kuzaliwa?"

Hapo walipiga makofi. Viganja vyenye samli havilii vizuri. Vilitoa sauti ya nyama ikipigwa juu ya nyama.

Bi Sihaba akasema kutoka nyuma, "Na mwili?"

"Mama, tunakuongezea, bado unadai?"

Watu walicheka. Wengine walimgeukia kwa macho ya kumwonea haya, kama mtu aliyeomba nyongeza kwenye karamu. Mafundi walishusha sifuri ya mwisho. Akina mama walisukumana kupitisha watoto wao mara ya mwisho, mtoto mmoja akakwama mabega na kuvutwa kama ndama anayezaliwa. Kisha sifuri ikawekwa chini na watu wakaivamia. Waliivunja kwa mawe, kila mtu akaondoka na kipande cha baraka, wengine wakikiramba njiani. Mahali pake ikasimamishwa moja, nyembamba, ya udongo mpya, ikamwagiwa ndoo nzima. Namba ikawa 6,469,693,231. Jioni ile ilidumu muda mrefu sana. Watu walikula palepale chini ya ukuta na kulala walipokula, midomo wazi, na matone yaliendelea kushuka.

Mimi nilitapika nyuma ya ghala. Kilichotoka kilikuwa maji matupu.

*

Ijumaa ilifika, au ilirudi. Mama mkwe akachukua mkaa kwa niaba ya binti yake, akapiga magoti kwa taabu, akaanza. Nilisimama nyuma yake. Anaandika tarakimu kubwa, za mtu aliyejifunza ukubwani. Alifika mwisho akasimama. Akafuta kwa kiganja, akaanza tena. Nilijua tangu mara ya kwanza, lakini sikusema, kwa sababu kulikuwa na kitu mgongoni mwake kilichonikataza.

"Baki moja," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Hayumo."

"Hayumo."

Alibaki magotini. Uso wake sikuuona. Nilisikia akipumua kwa mdomo, halafu nikaona mabega yanashuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. Tulikuwa tumeomba siku zote atolewe, na sasa alikuwa ametoka, bila mtu kumgawa, kwa kuongezewa heshima.

Ndipo tukasikia kwamba mji ulikuwa kimya. Hakuna nyumba iliyokuwa imesema "Yumo." Hakuna harufu ya chai.

Bi Mashavu akaingia bila hodi, magoti meusi kwa mkaa.

"Shemeji, nyumba hii ina baki?"

"Moja."

"Mimi pia moja. Nikasema labda nimezeeka, nikaenda kwa Kumi na Tatu. Moja. Kwa Kumi na Tisa, moja, na mzee wa watu amekaa chini anajipapasa kifua. Mtoto wa Tano hakuhitaji hata mkaa. Ametazama tu mwisho wa Namba akaanza kulia." Akakaa. "Hii ni nini? Walituambia haimsukumi mtu."

Nilimweleza nilivyoelewa. Namba ya kwanza ilimtosha kila mmoja wetu sawasawa, bila kubaki. Ukiongeza moja juu ya kitu kinachomtosha kila mtu, kila mtu atakuta ile moja imesalia. Mbili ataikuta, saba ataikuta, ishirini na tisa ataikuta. Hakuna mlango wa kuipitisha. Shekue alikuwa amechukua kikao ambacho hakuna aliyekuja na kukiweka juu yetu sote, na sote tukaanguka nje kwa mara moja.

"Kwa hiyo humo ndani mna nani?" Bi Mashavu akauliza.

Nilichukua mkaa. Nilijua lazima mna mtu, kwani kila namba inayozidi moja ina namba tasa ndani yake, hata kama ni yenyewe tu. Nilijaribu thelathini na moja, ikabaki. Thelathini na saba, ikabaki. Nilitoka sakafuni nikaendelea ukutani, nikatoka nje nikaandika barabarani. Sijui nilitumia muda gani. Ndevu zilikua. Nilikumbuka nina kiu, halafu nikasahau kiu ni nini. Watu waliruka hesabu zangu wasizikanyage. Nilipofika mia tatu thelathini na moja, baki likawa sifuri. Nikagawa jibu lake nikaendelea, nikakuta mia tano sabini na moja, na mwisho elfu thelathini na nne mia mbili thelathini na moja. Watatu tu. Hakuna nyumba ya mji yenye namba hizo. Hakuna aliyewahi kuwaona wala kusikia wakikohoa. Na ule ukuta wote, samli yote, mbwa, watoto waliovutwa kupitia tundu, vyote sasa vilikuwa vyao. Nilitazama juu na kuona watu wa zamu wamepanda ngazi wanapaka, kwa bidii ileile, wageni watatu wasiowajua, na mmoja wa wapakaji analamba vidole.

Nilikuwa nataka kuendelea. Nilitaka kujua ni akina nani. Bi Sihaba alikuja akanishika mkono wenye mkaa.

"Mwanangu, waache wageni," akasema. "Twende tukamtoe wetu."

*

Shekue alikuwa mlangoni pa ghala kabla yetu. Alikuwa amejitafuta mwenyewe asubuhi ile, ilionekana. Alishika ufunguo kiunoni kwa mikono miwili.

"Ni makosa ya mkaa," akasema. "Mkaa wa mwaka huu ni mbaya. Tazameni juu. Mbili na tatu bado zipo pale pale. Siwema hajatoka."

"Na saba yangu iko wapi?" Bi Mashavu akauliza. "Miaka yote haikuwahi kuandikwa hapo hata mara moja, na nilikuwemo. Usituonyeshe picha, kaka."

"Nitarudisha sifuri."

"Sifuri imeliwa. Mimi mwenyewe nina kipande chini ya godoro. Kinanuka."

"Itafinyangwa nyingine. Ikauke, ichomwe, ipande. Kisha kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa, na kila mtu atakuwemo. Na yeye." Alisema maneno hayo ya mwisho akimtazama Bi Sihaba, kama anayempa zawadi.

Mama mkwe alisogea mpaka karibu yake. Ni mwanamke mfupi. Ilibidi ainue uso.

"Ikipanda atakuwemo tena, nami sitampata tena," akasema. "Leo hayumo. Sheria ni yenu. Asiyemo amekufa, watu wake wapewe mwili. Fungua."

"Bi Sihaba, kwa sheria hiyo leo hakuna aliyemo. Wewe huna mbebaji. Mimi pia simo."

"Basi maiti mwenzangu, tupishe," Bi Mashavu akasema. "Ulishaona wapi maiti anashika funguo?"

Shekue alitazama mikono yake, akaigeuza, kama anayetafuta kitu alichokuwa nacho. Halafu akakaa kwenye tope la matone, mgongo kwenye mlango. Mbwa mmoja alikuja kumnusa sikio. Bi Sihaba akainama, akaufungua ufunguo kiunoni mwake polepole, bila hasira, kama mtu anavyomvua marehemu pete, na yeye hakumzuia. Tulimsogeza pembeni kwa mabega.

Mle ndani sitaeleza yote. Madebe yalipangwa mpaka darini. Siwema alikuwa juu ya madebe mawili, na walinzi walikuwa wamempaka. Kila siku, nadhani, kwa ndoo, ili asionekane amekufa. Samli ilikuwa imemjaa masikioni na katikati ya vidole. Uso wake uling'aa kama tarakimu. Walikuwa wamempamba hivyo, na nilichosikia kwanza hakikuwa huzuni. Ilikuwa karaha, kali, ya kuwasha ngozi: mikono yote hiyo, ile inayoramba na kupaka na kubusu, ilikuwa imemfikia hata humu. Niliuma kitambaa changu ili nisitapike juu yake.

Bi Mashavu alisimama kichwani pake. Kisha akaanza kazi yake.

"Amka we mvivu. Umelala samli ya watu mpaka umenona. Mjini wanasema hamna kitu, kumbe umekuja kujificha huku unakula peke yako, choyo mkubwa we, hata mtani hukumwachia kijiko. Na bangili yangu uliyoazima ukasema utarudisha kesho, kesho yenyewe ndiyo hii?"

Mama mkwe akacheka. Sauti ilimtoka kabla hajajua, ikageuka katikati, na akajishika kwenye debe. Nami nilicheka, na kitambaa kikaanguka, na nikalia kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nikiivuta harufu yote ndani.

Tulimbeba sisi watatu. Nje watu wa nyumba zote walikuwa wamesimama barabarani bila chai, kila mmoja na baki lake, hawajui wakae upande gani wa msiba. Wengine waliinamisha vichwa. Wengine walinyoosha mikono kugusa mafuta yaliyokuwa yakidondoka, wajipake. Bi Mashavu aliwapiga vidole kwa kanga. Juu yetu ngazi ilikuwa na watu, na ndoo ilikuwa inapandishwa.

Sasa tuko uani kwetu. Kaburi linachimbwa na watu wa Kumi na Saba. Mama mkwe amejifunga kanga kiunoni, anamwosha binti yake. Maji ya kwanza yameteleza juu ya samli bila kufika kwenye ngozi. Nimechota mengine, nayachemsha.